Kipanya cha Mwenye Eda

Mama yangu alipokula kiapo kwamba hapandi tena gari maisha yake yote, nilimjibu ovyo. Nilimwambia, "Haya, basi hospitali ihamie hapa uani." Dada yangu akanifinya mkono kwa nyuma. Ndivyo nilivyo mimi, mdomo unatangulia, akili inakuja baadaye ikihema. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani nilikuwa mtoto mwema tangu mwanzo wa habari hii.

Mama alivunjika nyonga kwao Mbwera, akitoka shambani kwenye mpunga. Aliteleza ukingoni mwa kijito maji yakiwa yamekupwa, akaangukia ubavu juu ya gogo la mkoko. Tulimvusha kwa boti, akatibiwa, akapona kwa kiasi chake. Lakini kukaa kitako hawezi tena. Analala chali, au kwa ubavu wa kulia, basi. Nikamhamishia kwangu, kijiji kimoja cha kata ya Mtunda, ninapoishi na dada yangu tangu alipoachika. Kila mwezi alitakiwa kliniki, hospitali ya Mchukwi. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba mazoezi na dawa vikikatika mguu utakauka, na vidonda vya kulala vikishamwanza mtu wa umri ule, havimwachi.

Mimi nanunua na kuuza mpunga na korosho. Nina kirikuu, kile kigari kidogo chenye bodi nyuma, na humo ndimo tulimomlaza mama: godoro juu ya magunia matupu, turubai juu, dada pembeni ameushika mguu. Barabara yetu mpaka uikute lami ni ya vumbi, na mvua zikishapita yanabaki mashimo na makorongo. Safari ya mwisho mama alilia njia nzima. Mimi nimeshika usukani, natoa kichwa dirishani, nampigia kelele: "Vumilia, mama, tunafika!" Kila shimo, vumilia, tunafika. Tulipofika alikuwa ameng'ata pindo la kanga mpaka limechanika. Hakuniangalia. Tulipomrudisha kitandani kwake ndipo akala kile kiapo.

Mwezi uliofuata hakwenda. Dada akaanza kuona wekundu kiunoni, pale ngozi inapogusana na godoro. Hapo nilitishika kweli. Mama yangu ni mtu wa neno moja. Aliwahi kuapa hamsemeshi jirani yetu mmoja, na yule jirani akafa hajasemeshwa. Nikajua kumbembeleza ni kazi bure. Labda gari jingine lingembadilisha, gari lenye kitanda cha kweli, na fedha za korosho zilikuwa ndiyo kwanza zimeingia.

Basi nikaanza kuhangaika na madalali. Mmoja wa Dar alinitumia picha kwenye simu: kipanya, kile kibasi cha abiria, kinang'aa, pazia za maua, ndani kitanda. Nikafunga safari. Kitanda chenyewe kilikuwa viti viwili vya abiria vimelazwa, katikati kimepigiliwa ubao. Nikabonyeza bodi kwa kidole gumba, kidole kikazama. Rangi mpya juu ya kutu! Dalali ananiambia, "Hiyo ndogo sana, mzee, kazi ya fundi nusu saa." Nilimtukana, Mungu anisamehe, nilimtukana mpaka muuza kahawa akaacha kumimina.

Aliyenifungua macho ni fundi wangu wa gari, kijana wa Kibiti ambaye maneno yake yote yanatoka Dar. "Braza, unahangaika na wahuni wa nini? Kuna kipanya huko huko kwenu Mtunda. Mwenyewe kafiwa na mume, yuko ndani anakaa eda. Anauza. Kitanda cha ukweli, si magumashi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua unamjua. Si yule mama wa kipanya cheupe?"

Nilikijua, ndiyo. Nani wa barabara ile asingekijua? Kwa miaka miwili kilikuwa adui yangu. Unatoka na mzigo, una haraka ya kumwahi mnunuzi Kibiti, unakikuta mbele kinatambaa. Kikifika kwenye shimo kinasimama kabisa, kinashusha tairi moja, kinasubiri, kinashusha la pili. Njia nyembamba, hupiti. Nilikuwa nakandamiza honi mpaka inakauka. Nikipata upenyo nampita, kichwa nje: "Bibi, umebeba mayai?" Na yeye, mama mtu mzima kajitanda ushungi, macho mbele, hajibu. Pazia za nyuma zilikuwa zimefungwa siku zote. Sikuwahi kujiuliza ndani kuna nini.

Tulikwenda asubuhi, mimi na fundi, kwa pikipiki yake. Kipanya kilikuwa chini ya banda la makuti, kimefunikwa shuka. Barazani alikaa kaka yake yule mama, mzee mwenye kofia ya viua, tasbihi mkononi. Tulitoa pole ya msiba, tukamwombea marehemu, tukakaa. Kisha mimi, bila hata kungoja pumzi zishuke: "Mzee, nimesikia gari linauzwa. Bei gani?"

Mzee akageukia dirisha lililokuwa nyuma ya kichwa chake, limetundikwa kanga kuukuu. "Anauliza bei," akaliambia dirisha.

Sauti ya mwanamke ikatoka, haina haraka hata kidogo. "Mwambie bei baadaye. Kwanza asikilize aibu zake."

"Anasema kwanza usikilize aibu zake."

"Nimesikia, mzee."

Gari lilikuwa la yule mama mwenyewe, kadi ina jina lake. Kwa kuwa yumo edani hakutokea mbele ya wanaume wasio ndugu zake, na mazungumzo yote yakapitia dirishani. Na kuhusu hizo aibu, ni desturi yetu: muungwana akiuza kitu hutaja kasoro zake kabla mnunuzi hajazigundua. Wote tunaijua, na wengi tunaisahau tukishakuwa na kitu cha kuuza. Mimi mwenyewe nimewahi kuuza gunia ambalo juu limejaa mchele mzuri na chini chenga tupu. Yule mama hakusahau hata moja. Alisema mlango wa kushoto una kutu chini, tuinue zulia tuone. Tukainua, ipo. Alisema gia ya tatu inataka kubembelezwa, ukiisukuma kwa nguvu inakutemea. Alisema mvua ikija kutoka upande wa mto, kioo cha nyuma kinavuja, hivyo mto wa kichwa usogezwe. Alisema taa moja ya mbele siyo ya gari hilo, aliitoa kwenye gari jingine, inamulika juu kidogo.

Fundi akawasha injini, akaisikiliza, akazima. "Iko poa," akanong'ona.

"Amezima mapema," sauti ikasema kutoka ndani. "Mwambie aache ipate moto. Kelele yenyewe inakuja baadaye."

Fundi akawasha tena. Tukangoja. Kweli, baada ya muda kikaanza kimlio chembamba kama cha bawaba kavu. "Hiyo," yule mama akasema, bila kuona chochote. "Ni mkanda. Unakaribia kubadilishwa. Usikubali akwambie ni kitu kikubwa akakutoza zaidi." Fundi wangu, ambaye kwa kawaida hanyamazi, akakuna kichwa. Na mimi nikaanza kumpenda yule mama, nasema kweli. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu yote ya kubishana, na hakuna hata moja lililopata pa kukaa.

"Haya," akaendelea. "Nani atalala humo?"

"Mama yangu."

"Umekuja naye?"

"Yuko nyumbani."

"Dada yako? Mkeo? Mwanamke yeyote?"

"Hapana, mama. Nimekuja na fundi."

"Mwanangu. Unakuja nyumba ya mwenye eda kununua kitanda cha mgonjwa mwanamke, na unakuja na fundi wa injini. Nani ataingia humu nimweleze namna ya kumgeuza gari likiwa linakwenda? Namna ya kumfunga mkanda bila kumbana? Akitaka haja njiani je? Nikueleze wewe hayo, dirishani, mbele ya huyo kijana?"

Nilijiona mjinga wa mwisho. Mwanamume yeyote wa kwetu anajua nyumba ya eda haiendewi bila mwanamke. Mimi nilichofikiria ni injini na tairi tu. Nikamweleza basi, kwa sauti ndogo, habari ya kiapo. Kwamba mama hataki hata kusikia neno gari, kwamba kliniki moja imeshapita, kwamba kiunoni kumeanza wekundu, na kwamba nikifika naye tarehe ile ya pili bila usafiri, namzika mama yangu huku namwona.

"Kilichomfanya aape ni nini?"

"Njia mbovu, mama."

"Njia?"

"Njia."

"Ulimpeleka kwa gari gani?"

"Kirikuu changu."

"Cha bluu?"

Fundi akawa anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Chenye honi kama ya basi," akasema yule mama, na hapo hakuwa anauliza.

"Ndicho, mama," nikasema. Nilingoja nifukuzwe. Ningefukuzwa ningeona haki kabisa.

"Mume wangu alikuwa amelala nyuma," akasema. "Kiharusi kilimchukua upande mmoja. Akiisikia honi ile, mkono wake uliobaki mzima ulikuwa unapapasa pa kushika. Nilikuwa nauona." Halafu akasema, "Lala."

"Mama?"

"Fungua mlango wa nyuma, panda, lala kitandani. Fundi wako aendeshe mpaka kwenye lami, arudi. Aendeshe kama uendeshavyo wewe."

Kaka yake akanigeukia. "Anasema ulale."

Nikalala.

Niseme kwanza nilichokiona humo ndani, maana mpaka leo nikikumbuka nashangaa. Viti vyote vya abiria vilikuwa vimeng'olewa. Kitanda kilikuwa cha fremu ya chuma, na fremu ile haikukaa sakafuni, ilikaa juu ya shokapu nne za pikipiki, kila kona moja, ili gari likiruka kitanda kiteremke taratibu. Godoro lilikuwa limekatwa vipande vitatu, uweze kuchomoa kimoja chini ya mgongo bila kumwamsha mtu. Juu kulikuwa na kamba ya kitambaa ya kushika, imesukwa na kutiwa pamba isimkate mtu kiganja. Palikuwa na dumu la maji lenye bomba, ndoo yenye mfuniko, ndoano ya kutundikia dripu, na mbao mbili za kutelezeshea machela. Na mbele, kando ya kioo cha dereva, palikuwa na kioo cha pili, kimepindishwa chini. Nilipoweka kichwa kwenye mto ndipo nilipoelewa. Kilikuwa kinatazama uso wa aliyelala.

Fundi akaondoka kwa kasi yake ya siku zote. Pale barazani kasi ile ningeiita mwendo wa kawaida. Ukiwa umelala, jamani, ni kitu kingine kabisa. Huoni shimo likija, huwezi kujikaza. Unatazama dari, ghafla dunia inaondoka chini yako, halafu inarudi na kukupiga. Zile shokapu zilifanya kazi yake, lakini hakuna chuma kitakachomsaidia mtu anayekimbizwa kwenye makorongo. Nyonga zangu ni nzima, na bado nilizihisi. Nikapiga kelele, "Polepole wewe!"

Kwenye kile kioo cha pili nikaona macho ya fundi yakinitazama, yanacheka. "Vumilia, braza, tunafika!"

Sijui kama alikumbuka nilichokuwa nimemsimulia juu ya safari ya mama, au yalimtoka tu kama yanavyomtoka dereva yeyote. Mimi yaliniingia. Mtu aliyeshika usukani anakwambia uvumilie, na yeye mwenyewe anaona mbele, ana pa kushika, na hapati hata robo ya unachokipata. Nilishika ile kamba ya kitambaa nikafumba macho. Nikamwona mama yangu kwenye magunia, na pindo lake la kanga mdomoni. Nililia, sioni haya kusema. Mwanamume wa miaka arobaini na kitu, nimelala chali ndani ya kipanya cha watu, machozi yanaingia masikioni.

Tuliporudi nilishuka nikakaa chini kwenye vumbi, nje ya lile dirisha. "Mama," nikasema, "nisamehe."

"Mimi nilishakusamehe, ulikuwa hujui ndani kuna mtu. Kamwombe mama yako, yeye ulijua yumo." Kisha, kwa sauti ile ile, "Una kalamu?"

Fundi alikuwa nayo. Nikaandika nyuma ya risiti za vipuri mpaka zikaisha, kaka mtu akaniletea daftari la madrasa la mjukuu. Yule mama alinipa barabara nzima, kutoka kwangu mpaka Mchukwi, kwa kichwa. Penye mikorosho miwili iliyoinamiana, kaa kulia, usijali matope. Penye duka la saruji kuna tuta halionekani, shuka gia kabla ya kulifikia, siyo ukiwa juu yake. Penye mchanga usikanyage breki, gari likiyumba mgonjwa anabingirika. Penye daraja la mbao hakuna ujanja, panda kwa gia ya kwanza. Baada ya mvua njia hubadilika, kwa hiyo siku moja kabla ya safari tembea kwa miguu mahali pabaya uangalie. "Kwa miguu?" nikauliza. "Mimi nilikuwa natembea," akasema. Mama mwenye wajukuu, anatembea barabara ya gari kutazama mashimo.

Kati ya shimo na shimo nilimdadisi, na akanijibu kidogo kidogo. Mwanzo walikuwa wanakodi gari na dereva, na kila dereva anaahidi atakwenda taratibu na hakuna anayekwenda taratibu, maana kila mmoja ana safari nyingine inamngoja. Akaona hakuna dereva mwenye shida na mgonjwa wake isipokuwa yeye. Akauza bangili zake, akanunua kipanya kilichochoka, akaenda kujifunza kuendesha na vijana wa umri wa watoto wake, wakamcheka, akapata leseni. Wazo la shokapu lilimjia siku moja akiwa amepanda bodaboda, akaona tairi linaruka mashimoni na yeye haruki. Mchomeleaji akamwambia haiwezekani. Akamwambia, "Wewe choma, kutowezekana niachie mimi."

Nikauliza kwa nini basi anauza. Alisema chombo kikilala kinakufa, na hataki kukikuta kimekufa siku atakayotoka eda. Walishakuja wanunuzi wawili kabla yangu, wana fedha zaidi, wakataka wang'oe kitanda warudishe viti wabebe abiria. Akawaambia hauzi.

"Na bei, mama?"

"Ondoka nacho kwanza. Kampe alale. Akikataa, nirudishie, hatudaiani. Akikubali, siku ya kliniki mtakaporudi mpitishe hapa, mwanamke mwenzangu aingie nimwone. Bei utazungumza na kaka yangu."

Nilisema, "Mama, hunijui mimi."

"Nakujua," akasema. "Nimekusikia miaka miwili."

Nilikiendesha kipanya kile mpaka nyumbani kwa gia ya kwanza na ya pili, na njiani bodaboda mmoja alinipigia honi akaniuliza kama nimesinzia. Nikasogea pembeni apite. Nyumbani niliingia moja kwa moja chumbani kwa mama, nikapiga magoti pembeni ya kitanda. Dada yangu alidhani kuna mtu kafa.

"Mama," nikasema, "leo nimelala nyuma ya gari, nikaendeshwa."

"Ukaonaje?"

"Nikaona bora nishushwe nitembee kwa magoti. Nisamehe, mama. Nilikuwa nakwambia uvumilie kitu nisichokijua."

Mama hakusema amenisamehe. Si mtu wa hivyo. Alinyoosha mkono akanivuta sikio, kwa nguvu, kama nilipokuwa mdogo, akaliachia. "Lete hilo gari nilione," akasema. "Nimeapa sipandi. Kulala sikuapa." Dada akacheka mpaka akakaa chini. Kiapo chenyewe tulikitolea kafara yake, tukalisha masikini kumi, maana mama hakutaka kubaki na deni kwa Mungu kwa sababu yangu.

Siku moja kabla ya kliniki nilitembea njia ile kwa miguu, daftari la madrasa mkononi. Watu waliniuliza kama nimepata kazi ya kupima barabara. Kesho yake tukamtelezesha mama juu ya zile mbao mbili, dada akakaa kando yake, nikaondoka. Nilikuwa natazama mbele, natazama kioo cha pili, natazama mbele. Mara ya tatu macho yetu yakakutana. "Angalia njia," mama akasema. "Mimi sikimbii." Nyuma yetu magari matatu yalikuwa yanapiga honi, na mmoja aliponipita alitoa kichwa akasema alichosema, na kwa mara ya kwanza maishani sikumrudishia.

Kliniki ilikwenda vizuri. Ule wekundu ulikuwa haujawa kidonda. Muuguzi alimpangia mama tarehe nyingine, na mama akamwambia, "Nitakuja," kama mtu asiyewahi kuapa lolote.

Tuliporudi nikakata kona kwa yule mama, kama tulivyoagana. Dada na wanawake wa nyumba ile walimwingiza mama chumbani kwa machela, wakamlaza kwenye mkeka na mito. Sisi wanaume tukabaki barazani, mimi na kaka mtu. Dirisha ni lile lile, kwa hiyo nilisikia yote. Nilisikia wakipeana pole, huyu ya msiba, huyu ya nyonga. Nilisikia yule mama akiuliza, "Ndiye huyu mwenye honi?" na mama akijibu, "Ndiye, nitafanyaje, nimemzaa," wakacheka wote wawili kama watu waliokua pamoja. Akamwelekeza dada mambo yote ambayo asingeweza kunieleza mimi.

"Mwenzangu," yule mama akasema, na sauti yake haikuwa ile niliyoizoea. "Nikuulize neno moja, na usinifiche."

"Uliza."

"Mume wangu tangu apigwe na kiharusi hakuwa na kauli tena. Miaka miwili nimemwendesha namtazama usoni tu kwenye kioo. Hakuniambia inauma, hakuniambia haiumi. Nilikuwa nakisia. Nimekaa humu ndani siku zote hizi, hakuna jingine ninalojiuliza. Labda nilikuwa namtesa naye hana pa kusemea. Wewe umelala pale alipolala. Inauma?"

Nilishika ukingo wa baraza. Mama yangu hajui kupamba maneno, hata kwa mtu mwenye msiba, na hakuna kitu duniani ambacho kingemfanya ajifunze siku ile. Kaka mtu naye aliacha kuvuta tasbihi.

"Darajani inauma," mama akasema. "Pale gari linapopanda mbao. Ilinichoma mpaka nikashika kamba. Kwingine kote haikuuma. Kwenye mchanga nilipata usingizi, muulize binti yangu."

Nikadhani mama ameharibu.

"Darajani," yule mama akasema mwishowe, polepole. "Darajani tu ndipo alipokuwa akikunja uso."

Akaanza kulia, kilio cha mtu aliyekizuia kwa muda mrefu, na mama yangu akawa anamwambia, "Lia, mwenzangu, lia. Hukumtesa. Ulimwona vizuri."